Kila Mmoja Akipaza Sauti: Historia ya Kudhibiti Nguvu ya Mawimbi ya Simu, kwa Macho ya Mkazi wa Bwiza

Utangulizi

Bwiza ni mtaa unaojulikana Bujumbura nzima kwa baa zake. Mimi nimekulia humo, kwenye barabara ambayo baa mbili zinatazamana, na tangu utotoni nimezoea kulala huku muziki ukipigwa. Jumamosi jioni mambo huenda hivi. Baa ya kushoto huanza kwa sauti ya kadiri. Baa ya kulia hufungua baadaye kidogo, na kwa kuwa wateja wake wanasikia muziki wa jirani kuliko wa kwao, mwenyewe hupandisha sauti. Wa kushoto naye hupandisha. Ikifika saa nne usiku kila spika iko mwisho wa uwezo wake, wateja wanazungumza kwa kupigiana kelele masikioni, na hakuna baa hata moja ambayo muziki wake unasikika vizuri kuliko ulivyosikika saa kumi na mbili. Kilichoongezeka ni matumizi ya umeme tu.

Siku moja nilimwuliza mwenye baa mmoja: "Mzee, kwa nini msikubaliane wote mpunguze?" Akanijibu: "Mwanangu, nikipunguza mimi leo, yeye hatapunguza, na wateja wangu watavuka barabara." Wakati ule nililiona jibu hilo kuwa la mtu mkaidi. Nilipofika chuo kikuu nikakuta kwamba jibu hilo lina jina katika hisabati, na kwamba wahandisi wa simu walilihangaikia kwa miaka mingi, kwa sababu simu zilizo mifukoni mwetu zina ugomvi huohuo.

Insha hii inaeleza historia ya ugomvi huo na ya njia zilizotafutwa ili kuumaliza. Hoja yangu ni kwamba nguvu za umeme hazikuokolewa katika mitandao ya simu kwa sababu watu walikuwa na nia njema, wala kwa sababu kila simu ilipewa akili ya kujitafutia faida. Zimeokolewa pale ilipopatikana kanuni inayomfanya kila mmoja abebe sehemu ya madhara anayowaletea wenzake. Lakini nitaonyesha pia kwamba kanuni hiyo haiwaangukii watu wote kwa uzito sawa, na hapo ndipo sisi tunaosoma historia tuna la kusema mbele ya wahandisi.

Mawimbi hayana ukuta

Ugomvi huu ni mkubwa kwa umri kuliko simu ya mkononi. Nchini Marekani, katika miaka ya 1920, stesheni za redio zilipata leseni kutoka Wizara ya Biashara, iliyokuwa chini ya Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais. Mwezi wa Aprili 1926, katika kesi dhidi ya kampuni ya Zenith, mahakama iliamua kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kuilazimisha stesheni kubaki kwenye masafa aliyoipangia. Katika miezi iliyofuata stesheni nyingi zilihama masafa yao, na nyingine zikaongeza nguvu ya kurusha ili zisikike juu ya jirani zao. Wasikilizaji walichopata ni miluzi na sauti zilizopandana. Februari 1927 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Redio, na serikali ikawa na mamlaka ya kupanga nani arushe wapi na kwa nguvu gani.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: amri. Kanuni za kimataifa za redio, zinazosimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU), nazo zinasema jambo lilelile kwa maneno machache, yaani kituo kirushe kwa nguvu ile tu inayohitajika ili huduma iwe ya kuridhisha. Ni kanuni nzuri. Ila inamwachia kila mmoja swali la kupima "inayohitajika" ni ipi, na mwenye baa wa kwetu angeapa kwamba sauti yake ni ile tu inayohitajika.

Mwaka 1959 mchumi Ronald Coase aliandika makala kuhusu tume ya mawasiliano ya Marekani. Alidai kwamba masafa ya redio hayana tofauti na ardhi au kitu kingine kilicho adimu, na kwamba yangeweza kugawanywa kwa bei badala ya amri ya maofisa. Wengi walimshangaa wakati ule. Neno "bei" lilikuwa limeingia katika habari za mawimbi, na tutalikuta tena miaka arobaini baadaye, safari hii ndani ya simu yenyewe.

Simu zafika Bujumbura

Chini ya utawala wa Wabelgiji, Bwiza na Buyenzi vilikuwa mitaa ya Waafrika katika mji wa Usumbura, na ni huko Kiswahili kilikotia mizizi Burundi. Mji ulipobadili jina kuwa Bujumbura wakati wa uhuru mwaka 1962, simu ilikuwa bado ni kifaa cha ofisi, cha nyumba za wakubwa na cha posta. Simu ya mkononi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiletwa na Telecel, kampuni iliyokuwa imeanzishwa huko Zaire jirani na mfanyabiashara Miko Rwayitare. Wateja wa mwanzo walikuwa wachache sana. Palipo na wateja wachache, mawimbi hayagombani, kama vile baa moja peke yake barabarani haina wa kushindana naye.

Mwaka 1997 nchi ilipata sheria ya mawasiliano na wakala wa kuyasimamia, ARCT. Katika miaka ya 2000 teknolojia ya kidijitali ya GSM ilienea, makampuni yakaongezeka, na shirika la serikali ONATEL nalo likaingia katika simu za mkononi. Mwaka 2014 Econet ilinunua kampuni iliyokuwa ikitumia jina la Leo. Mwaka 2015 Viettel ya Vietnam ikaanza kutoa huduma kwa jina la Lumitel. Mtu wa Bwiza akawa na laini mbili au tatu mfukoni, kila moja kwa ajili ya marafiki walio kwenye mtandao ule, kwa sababu kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuvuka kwenda mwingine.

Kuna jambo moja la Burundi ambalo vitabu vya uhandisi vilivyoandikwa kwingine havina haja ya kulitaja. Umeme hapa ni adimu. Kituo cha Rwegura, kilichozinduliwa mwaka 1986, kina uwezo wa megawati 18 tu, na kwa miongo mingi ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini. Katika miaka ya karibuni ni takribani mtu mmoja kati ya kumi aliyekuwa na umeme nyumbani. Kwa hiyo vilimani simu huenda kuchajiwa kwenye kibanda, kwa pesa, na anayekwenda huko hutembea. Betri ikiisha kabla ya wakati, mtu amepoteza pesa na nusu siku. Nayo minara ya simu, pale umeme wa REGIDESO usipofika au unapokatika, huhitaji jenereta na mafuta, na Warundi hawahitaji kuelezwa maana ya foleni ya mafuta. Ndiyo maana naona swali la nguvu ya mawimbi linatuhusu sisi kuliko wale waliolitungia hesabu.

Amri kutoka mnarani

Tatizo la kiufundi lilijitokeza wazi pale wahandisi walipotaka simu zote zitumie masafa yaleyale kwa wakati uleule. Katika GSM kila mazungumzo hupewa masafa yake na nafasi yake ya muda. Njia nyingine, inayotegemea misimbo, huziacha simu zote ziseme pamoja, ila kila moja kwa msimbo wake. Msomaji wa Bwiza hatapata shida kuielewa. Kwenye meza nne za baa moja watu wanazungumza Kirundi, Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na sikio lako linaokota lugha unayoifuata huku lugha nyingine zikibaki kelele ya nyuma. Mpango huo unafanya kazi mradi hakuna meza inayopiga makelele. Ikiwapo moja, hakuna lugha inayosikika.

Simu iliyo karibu na mnara ndiyo meza inayopiga makelele bila kukusudia. Tuseme simu moja iko mita 100 kutoka mnarani na nyingine iko kilomita 2. Mijini, kwa makadirio yanayotumika sana, nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Umbali ukiwa mara 20, nguvu inayofika ni ndogo mara 160,000. Simu hizo mbili zikirusha kwa nguvu sawa, ya mbali haisikiki kabisa.

Kampuni ya Qualcomm ya San Diego, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Irwin Jacobs, Andrew Viterbi na wenzao, ilionyesha hadharani mwezi Novemba 1989 kwamba tatizo hilo linaweza kutatuliwa. Mnara ulipima kila simu inavyofika na kuiamuru ipandishe au ishushe. Katika kiwango kilichopitishwa mwaka 1993, amri hiyo ilitolewa mara 800 kwa sekunde. Katika simu za kizazi cha tatu zilizofuata ilifika mara 1,500 kwa sekunde. GSM nayo ilikuwa na udhibiti wake, wa polepole zaidi: simu ya kawaida ya masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kufika wati 2, na mnara huishusha kwa hatua za desibeli 2.

Huku wahandisi wakijenga, wanahisabati waliuliza swali la pili: je, ni lazima mnara uamuru kila kitu? Mwaka 1992 Jens Zander wa Stockholm alichunguza ni nguvu gani zingekuwa bora kwa mtandao mzima kama kungekuwa na mtu mmoja anayejua yote. Mwaka uliofuata Gerard Foschini na Zoran Miljanic walitoa kanuni rahisi kwa namna ya kushangaza. Kila simu itazame tu uwiano wake, yaani nguvu ya sauti yake inavyofika mnarani ikigawanywa kwa kelele zote. Kama uwiano ni nusu ya unaohitajika, izidishe nguvu mara mbili. Kama ni mara mbili ya unaohitajika, ipunguze nguvu kwa nusu. Simu zote zikifanya hivyo, tena na tena, bila kuambizana lolote, zitafika kwenye nguvu ndogo kabisa inayomtosheleza kila mmoja, mradi tu malengo yao yanawezekana kwa pamoja. Mwaka 1995 Roy Yates wa Chuo Kikuu cha Rutgers alionyesha kwamba kanuni nyingi za aina hiyo ni watoto wa familia moja.

Tukisoma historia hii kwa haraka tutadhani tatizo liliisha mwaka 1993. Halikuisha, na sababu ni neno moja nililolipita: "unaohitajika". Katika mazungumzo ya sauti neno hilo lina maana. Sauti ya shangazi yako kutoka Gitega ama unaisikia vizuri ama huisikii, na ukishaisikia vizuri, nguvu zaidi haikuongezei kitu. Kila simu ina kikomo chake, na kanuni ya Foschini na Miljanic inasimama juu ya kikomo hicho.

Data yabadili swali

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba simu zitabeba data. Data haina kikomo cha "inatosha". Faili likifika haraka ni vizuri, likifika haraka zaidi ni vizuri zaidi. Kila simu sasa ina sababu ya kutaka zaidi, na nguvu ya betri ndiyo gharama yake. Hapo ndipo kundi la Rutgers, lenye David Goodman, Narayan Mandayam na wanafunzi wao, akiwemo Cem Saraydar, lilipochukua chombo kutoka uchumi: nadharia ya michezo.

Katika nadharia hiyo "mchezo" ni hali yoyote ambamo ninachopata kinategemea nifanyalo mimi na wafanyalo wengine. John von Neumann na Oskar Morgenstern waliandika kitabu chake cha msingi mwaka 1944. Mwaka 1950 John Nash alieleza msawazo ambao sasa una jina lake: hali ambayo hakuna mchezaji hata mmoja anayeweza kujiongezea faida kwa kubadili uamuzi wake peke yake. Jibu la mzee wa baa lilikuwa hilohilo. Spika zote zikiwa juu, hakuna anayefaidika kwa kushusha peke yake.

Goodman na wenzake walipima faida ya kila simu kwa kipimo kinachomhusu kila anayelipia kuchaji: idadi ya biti zinazofika salama kwa kila jouli moja ya betri. Kisha waliuliza: kila simu ikijitafutia faida hiyo, zitafika wapi?

Ili kuelewa jibu lao nimefanya hesabu ndogo mwenyewe, kwa kutumia mfano wao wa pakiti yenye biti 80. Katika mfano huo kila simu ikijitazama yenyewe huona inafaa kulenga uwiano wa takribani 12.4, ambapo pakiti kama 85 kati ya 100 hufika salama. Tuchukue simu 8 zilizo umbali sawa kutoka mnarani, na msimbo unaoikuza sauti ya kila simu mara 100 dhidi ya kelele za wenzake. Zitafika kwenye msawazo wa Nash kwa nguvu fulani. Tuiite nguvu kamili.

Sasa tuseme zote 8 zinashusha hadi nusu ya nguvu hiyo. Sauti ya kila mmoja imepungua, lakini kelele za wenzake saba nazo zimepungua. Uwiano unashuka kidogo tu, kutoka 12.4 hadi karibu 11. Pakiti zinazofika salama zinakuwa kama 72 kati ya 100, lakini kwa nusu ya betri. Biti kwa kila jouli zimeongezeka kwa karibu asilimia 69, kwa kila simu, bila yeyote kupoteza. Ndiyo hali ya baa zetu umeme unapokatika: ghafla kila mtu anazungumza kwa sauti ya chini na kila mtu anasikika.

Lakini tazama kinachofuata. Simu moja kati ya hizo nane ikipandisha nguvu yake kwa asilimia 13 tu, hupata faida ya karibu asilimia 5 zaidi. Wenzake saba hupoteza karibu asilimia 3 kila mmoja. Hasara ya saba ni kubwa kuliko faida ya mmoja, lakini anayeamua ni yule mmoja. Akishapandisha, wa pili ana sababu ya kupandisha, kisha wa tatu, mpaka wote wanarudi palepale kwenye nguvu kamili. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja amefanya uamuzi sahihi kwake, na wote wako pabaya. Wahenga walikwisha kusema: mchuma janga hula na wa kwao. Nadharia ya michezo inaongeza kwamba mchumaji huendelea kuchuma, kwa sababu fungu lake la janga ni dogo kuliko alichochuma.

Bei isiyo ya pesa

Mchumi Arthur Pigou alikuwa amependekeza dawa ya hali kama hiyo tangu mwaka 1920: anayewadhuru wengine atozwe kiasi kinacholingana na madhara hayo. Kundi la Rutgers lilianza kuichunguza dawa hiyo kwa ajili ya simu mwaka 1998, na makala yao yanayojulikana zaidi kuhusu suala hilo yalitoka mwaka 2002. Mnara unatangaza namba. Kila simu, inapopiga hesabu ya faida yake, inatoa namba hiyo ikizidishwa na nguvu inayoitumia. Hakuna faranga inayobadilishana mikono. Bei hiyo ni namba tu ndani ya hesabu ya simu, kazi yake ni kuikumbusha kwamba nguvu yake ni kelele ya wengine. Matokeo yao yalionyesha kwamba bei ikiwekwa vizuri, simu zote zinafika kwenye msawazo mpya wenye nguvu ndogo zaidi na faida kubwa zaidi kwa kila moja.

Hapa mwenzangu mmoja alinipinga nilipomsomea rasimu ya insha hii. Alisema wenye baa wanaweza kukubaliana bila bei na bila serikali, wakikaa chini wakazungumza. Ana haki. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu mali za pamoja, alionyesha kwa mifano ya mifereji, misitu na malisho kwamba watu wanaofahamiana, wanaoonana kila siku na wanaoweza kumwadhibu mvunja ahadi, hujitungia kanuni zinazodumu. Baa mbili za mtaani kwetu zina sifa hizo zote. Simu hazina. Simu iliyo karibu nawe sasa inaweza kuwa ya abiria anayekwenda Gatumba, na dakika tano zijazo jirani yako ni mwingine. Hakuna muda wa kujenga uaminifu. Ndiyo sababu katika mitandao kanuni ililazimika kuandikwa ndani ya mashine kabla mashine haijauzwa.

Nani analipa?

Ni lazima niseme ukweli kuhusu mwisho wa historia hii, maana baadhi ya wanaoipenda nadharia ya michezo huikuza kupita kiasi. Mitandao tunayoitumia haichezi mchezo wa Rutgers kama ulivyoandikwa. Simu yako haina uhuru wa kujichagulia faida. Inatii viwango vilivyokubaliwa na makampuni na mashirika ya kimataifa. Kilichoenea ni funzo lenyewe. Katika kiwango cha kizazi cha nne, LTE, kilichokamilika kwa mara ya kwanza mwaka 2008, mnara unaweza kuiambia simu ifidie sehemu tu ya nguvu inayopotea njiani, si yote. Simu iliyo mbali haijaribu tena kufika kwa nguvu sawa na ya karibu, kwa sababu ikijaribu inaharibu mawasiliano ya minara ya jirani. Sidai kwamba kanuni hiyo ilizaliwa moja kwa moja na makala ya 2002. Nadai kwamba zote mbili zinasema jambo moja: hesabu ya mtu mmoja ni lazima iingize hasara ya wengine.

Na hapa ndipo swali la haki linapoingia. Katika msawazo wa zamani, usio na bei, kila simu ilifika kwenye uwiano uleule, ya karibu na ya mbali, ingawa ya mbali iliulipia kwa betri zaidi. Bei inapoingia, usawa huo unavunjika. Simu zilizo karibu na mnara zinabaki na uwiano mzuri, na zilizo mbali zinaridhika na mdogo. Wote wanapata zaidi kuliko mwanzo, lakini si kwa kiasi sawa. Kanuni ya LTE ina tabia hiyohiyo: inamwomba aliye pembezoni anyamaze kidogo ili wote wasikilizane.

Sasa tuliweke hilo kwenye ramani yetu. Bwiza, ambayo leo ni sehemu ya komini ya Mukaza, iko katikati ya mji. Minara iko karibu, umeme ukikatika hurudi, na kuchaji simu ni suala la kusubiri. Ukitazama mashariki unaona vilima vinavyopanda kutoka ziwani. Anayeishi kule ana mnara wa mbali, kwa hiyo simu yake inarusha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo betri yake inaisha mapema, na ndiye huyohuyo anayetembea kwenda kulipia chaji. Kisha kanuni iliyotungwa kuokoa nguvu za wote inamtaka yeye ndiye ashushe zaidi. Hakuna aliyemchukia. Hesabu imefanywa kwa uaminifu, na imemwangukia.

Hisabati haiwezi kulitibu hilo kwa sababu hisabati imepokea umbali kama ulivyo. Lakini umbali kati ya mtu na mnara si kazi ya Mungu kama umbali kati ya Bujumbura na Uvira. Mtu fulani aliamua mnara usimame wapi. Mnara mmoja zaidi kilimani unapunguza umbali kwa nusu, na kwa kipeo cha nne nilichokitaja, simu inahitaji sehemu moja tu kati ya kumi na sita ya nguvu iliyohitaji awali. Hakuna bei wala msawazo unaoweza kuleta akiba ya namna hiyo. Uamuzi huo unafanywa na makampuni yanayohesabu wateja, na msimamizi anayeweza kuweka masharti ndani ya leseni.

Hitimisho

Tumeona hatua tatu. Kwanza amri: sheria ya 1927 na kanuni ya kimataifa ya kurusha kwa nguvu inayohitajika. Pili kipimo: mnara wa 1989 unaosema panda au shuka, na kanuni ya 1993 inayomtosha kila mwenye kikomo. Tatu bei: jibu la Rutgers kwa swali lililoletwa na data, ambamo hakuna tena kikomo na kila mmoja anataka zaidi. Kila hatua ilikuja kwa sababu ile iliyotangulia ilishindwa kujibu jambo jipya, wala haikuifuta iliyotangulia. Simu yako leo inatii mbili za kwanza kwa pamoja, na ya tatu imeiachia funzo lake.

Nilirudi kwa yule mzee wa baa likizo iliyopita nikamweleza habari za Nash na bei ya Rutgers, bila hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulikuta kwenye makala yoyote niliyosoma: "Na hiyo namba, nani anaipanga?" Nilimwambia ni mnara. Akasema: "Basi niambie mnara ni wa nani." Nadhani historia inayofuata, ambayo sisi wanafunzi wa Bujumbura tuna nafasi nzuri ya kuiandika, inaanzia kwenye swali hilo.